Kutoka ngoma ya Rumanyika hadi kinyago cha Spider-Man

PICHA ya kijana aliyevaa nguo nyekundu na bluu, uso wake wote umefunikwa na kuchorwa utando wa buibui, si ngeni kwa watoto wa mijini na vijijini. Ipo kwenye fulana za mitumba, kwenye mabegi ya shule na kwenye makasha ya diski za filamu. Hata mtoto ambaye hajawahi kuitazama filamu yenyewe anajua kwamba huyo ni Spider-Man, na kwamba hupanda kuta na kuruka kutoka ghorofa moja hadi nyingine.

Kinachojulikana kwa uchache ni kisa kilichomfanya kijana huyo avae kinyago. Wengi humwona kama mpiganaji hodari tu, wakati waliombuni walikusudia kueleza jambo jingine: nguvu ikimfikia mtu ambaye hakuiomba wala hakuandaliwa kuipokea, anastahili kuitumiaje?

Kwa wakazi wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, swali hilo si la kigeni hata kidogo. Liliulizwa katika ardhi hiyo hiyo miaka 100 kabla Spider-Man hajachorwa, na jibu lake lilitolewa kwa njia ya ngoma.

Ngoma iliyokataa kuinuka

Wilaya hizo mbili zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe. Kabla ya ukoloni eneo hilo lilikuwa ndani ya ufalme wa Karagwe, uliotawaliwa na Wahinda, ukoo unaojihesabu kuwa uzao wa Ruhinda. Historia yake ilikusanywa na msomi Israel Katoke katika kitabu alichokichapisha mwaka 1975.

Mwishoni mwa mwaka 1861 wasafiri wawili wa Kiingereza, John Hanning Speke na James Grant, walifika kwa mfalme Rumanyika wakiwa njiani kutafuta chanzo cha mto Nile. Mwaka uliofuata Speke aliendelea na safari kwenda Buganda, na Grant, aliyekuwa akiugua mguu, akabaki Karagwe kwa miezi kadhaa. Katika kitabu cha safari hiyo, kilichotoka mwaka 1863, Speke aliandika habari aliyosimuliwa kuhusu namna Rumanyika alivyopata kiti.

Kwa mujibu wa simulizi hiyo, baada ya kufariki kwa mfalme Ndagara wanawe watatu waligombea ufalme. Iliwekwa mbele yao ngoma ndogo, nyepesi kabisa, lakini iliyotiwa dawa ili iwe nzito kwa yeyote asiyestahili kutawala. Ndugu zake Rumanyika walijaribu kwa nguvu zao zote wakashindwa hata kuisogeza. Rumanyika akaiinua kwa kidole kidogo, bila kutoa jasho.

Jaribio la pili lilikuwa la kutisha zaidi. Mtawala mtarajiwa aliketishwa mahali fulani, na ardhi chini yake ilisemekana kuinuka polepole hadi mawinguni. Akikubaliwa na mizimu, ardhi ilimshusha taratibu. Akikataliwa, iliporomoka ghafla naye akapondeka. Rumanyika, simulizi inasema, alishushwa salama.

Msomaji wa leo anaweza kuiamini habari hiyo au asiiamini. La muhimu ni mafunzo yake. Kwa watu wa Karagwe, nguvu kubwa haikuwa mali ya mwenye misuli. Ilipimwa kwanza, tena mbele ya watu, na kipimo chenyewe kilikuwa kustahili. Hata hivyo, Speke anaeleza kwamba ndugu mmoja, Rogero, hakukubali matokeo na aliendelea kumpinga mfalme. Ngoma ilimtambulisha mtawala, lakini haikumaliza kazi ya kuwathibitishia watu kwamba anafaa.

Kijana asiyechaguliwa na yeyote

Mnamo Agosti 1962, jarida la katuni la Marekani lililoitwa Amazing Fantasy lilichapisha toleo lake la 15. Ndani yake mlikuwa na hadithi fupi iliyoandikwa na Stan Lee na kuchorwa na Steve Ditko. Mhusika wake alikuwa Peter Parker, mwanafunzi yatima aliyelelewa na baba yake mdogo, Ben, na mkewe, May, katika eneo la Queens, jijini New York.

Katika miaka yake ya baadaye Stan Lee alisimulia mara nyingi kwamba mchapishaji wake hakuipenda hadithi hiyo. Sababu zilizotajwa ni kwamba watu huchukia buibui, kwamba kijana mdogo anafaa kuwa msaidizi wa shujaa na si shujaa mwenyewe, na kwamba shujaa hatakiwi kuwa na shida za maisha. Jarida lenyewe lilikuwa linakaribia kufungwa, hivyo hapakuwa na cha kupoteza. Hadithi hiyo ikapendwa kuliko ilivyotarajiwa, na kufikia Machi 1963 Spider-Man alikuwa na jarida lake mwenyewe.

Kuhusu buibui, msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kutomdharau. Waislamu husimuliana jinsi buibui alivyotanda utando kwenye mlango wa pango alimojificha Mtume Muhammad pamoja na Abubakar, wale waliokuwa wakiwasaka wakadhani hakuna aliyeingia humo. Afrika Magharibi nako, hadithi za Anansi humfanya buibui kuwa mdogo wa umbo lakini mwingi wa akili. Katika masimulizi hayo yote mawili, kiumbe dhaifu ndiye anayeshinda.

Peter Parker naye alikuwa dhaifu. Alivaa miwani, alipenda sayansi, na wenzake shuleni walimcheka. Aliumwa na buibui aliyeathiriwa na mionzi ya nyuklia, akapata uwezo wa kupanda kuta na nguvu zinazozidi za binadamu. Hapa ndipo hadithi yake inapoachana na ile ya Rumanyika. Hakuna ngoma iliyowekwa mbele ya Parker wala mzee aliyempima. Nguvu ilimwangukia kwa ajali, na kipimo kikaja baadaye.

Dakika moja ya kutojali

Filamu iliyoongozwa na Sam Raimi ilianza kuonyeshwa Marekani Mei 3, 2002, Tobey Maguire akiigiza kama Parker. Ilikuwa imechukua muda mrefu kufika hapo, kwani haki za kuitengeneza zilizunguka katika kampuni mbalimbali tangu mwaka 1985 hadi Sony ilipozipata mwaka 1999. Iligharimu takriban dola milioni 139. Ikawa filamu ya kwanza kuingiza zaidi ya dola milioni 100 katika siku tatu za mwisho wa wiki ya kwanza nchini humo, na duniani kote mapato yake yalizidi dola milioni 800.

Raimi alibadili mambo kadhaa. Buibui wa mionzi akawa buibui aliyebadilishwa vinasaba katika maabara. Katika katuni, Parker alitengeneza mwenyewe kifaa cha kurusha utando, lakini katika filamu utando unatoka moja kwa moja kwenye mikono yake. Kiini cha kisa hakikuguswa.

Kiini hicho ni hiki. Parker anapogundua nguvu zake, jambo la kwanza analolifikiria ni pesa, ili anunue gari na kumvutia msichana anayempenda. Anaingia katika mchezo wa mieleka uliotangaziwa zawadi ya dola 3,000. Anashinda, lakini mwandaaji anampa dola 100 tu na kumwambia kwamba shida zake hazimhusu. Muda mfupi baadaye jambazi anampora mwandaaji huyo na kukimbilia upande aliko Parker. Kijana, akiwa bado na hasira, anampisha jambazi apite, na mwandaaji anapolalamika anamrudishia maneno yake mwenyewe.

Usiku huo huo baba yake mdogo anapigwa risasi barabarani. Parker anamfukuza muuaji, na anapomwona uso anatambua kuwa ni jambazi yule yule aliyemwacha apite.

Mtazamaji wa Kayanga, Omurushaka au Nkwenda hahitaji kuwa amewahi kufika New York ili alielewe jambo hilo. Karagwe na Kyerwa ni wilaya za kahawa. Kijana anayeona kahawa ya jirani ikiondolewa usiku kwenye mkeka wa kuanikia, akanyamaza kwa sababu jirani huyo alimpunja kibarua mwezi uliopita, amefanya alichokifanya Parker. Hali kadhalika anayeshuhudia mzani umechezewa akajiambia kwamba kahawa inayopimwa si yake. Vivyo hivyo kwa anayenyamazia butura, biashara ambayo mkulima mwenye shida huuza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa. Hakuna kati yao aliyeiba. Kila mmoja alikuwa na uwezo mdogo wa kuzuia, akauweka mfukoni.

Mafunzo ambayo Ben aliyatoa kabla ya kifo chake yamekuwa maarufu duniani kote: kadiri uwezo wa mtu unavyokua, ndivyo wajibu wake unavyoongezeka. Katika filamu, mawaidha hayo yanatolewa ndani ya gari, na kijana anayasikiliza kwa kiburi na kumjibu mlezi wake kwamba yeye si baba yake. Yanapata uzito baada ya msemaji kufariki. Kila mzazi aliyewahi kumwonya kijana wa miaka 16 analifahamu gari hilo.

Kwa nini anafunika uso

Katika Kiswahili neno buibui lina maana mbili: mdudu anayetanda utando, na vazi jeusi la kujistiri la wanawake wa pwani. Kwa hiyo jina la shujaa huyu, likitafsiriwa kuwa Mtu Buibui, linabeba ndani yake wazo la kujifunika, jambo ambalo Kiingereza chake hakina.

Kufunika uso kuna historia yake nchini. Wamakonde wa Mtwara wana ngoma ya mapiko, ambapo mchezaji huvaa kichwa cha mti kilichochongwa na mwili wake wote kufunikwa. Kwa desturi, wasiopitia jando hawakutakiwa kujua aliye ndani. Kinachocheza si fulani mwana wa fulani tena. Kinyago humwondoa mtu ili kazi yake ibaki.

Spider-Man anafanya jambo linalofanana na hilo, lakini kwa sababu mbili za ziada. Ya kwanza ni usalama wa wale anaowapenda. Adui mkuu katika filamu ya mwaka 2002, Norman Osborn, anapomtambua ni nani, anamshambulia shangazi May na kumteka msichana Mary Jane. Ya pili ni kwamba kinyago kinamnyima mvaaji malipo. Anayeokolewa hajui amshukuru nani. Parker anaendelea kupanga chumba kwa taabu na kuhangaikia fedha za matumizi, ilhali jiji zima linamzungumzia.

Hapa filamu inayagusa pia magazeti. Parker anajipatia kipato kwa kuliuzia gazeti la Daily Bugle picha za Spider-Man, yaani picha zake mwenyewe. Mhariri wake, J. Jonah Jameson, anazinunua kwa bei ndogo kisha anazichapisha chini ya vichwa vya habari vinavyomwita shujaa huyo mhalifu. Kwa hiyo kijana anakula kwa jasho la kuchafuliwa jina lake. Ni kejeli iliyoandikwa na watu wanaoujua vizuri uchapishaji, na inamkumbusha msomaji kwamba picha ya kweli inaweza kubebeshwa maneno ya uongo.

Tofauti na Rumanyika sasa inaonekana wazi. Mfalme aliinua ngoma hadharani, na kila aliyeona alipaswa kumtii. Kijana wa New York anainua mzigo wake gizani na hakuna anayelazimika kumwamini. Simulizi ya kwanza inahusu haki ya kutawala. Ya pili inahusu wajibu wa mtu asiyetawala chochote, na kwa sababu hiyo inawahusu watu wengi zaidi.

Kinachopotea njiani

Tatizo ni kwamba filamu husafiri haraka kuliko maana yake. Kurushiana ngumi hakuhitaji mkalimani. Mazungumzo ya ndani ya gari kati ya Ben na Parker yanamhitaji. Mtoto asiyejua Kiingereza anayeitazama filamu hiyo katika kibanda cha video anaondoka na sehemu ya kwanza tu: kwamba nguvu ni kupiga, kuruka na kushinda.

Pengo hilo ndilo lililozaa kazi ya wasimuliaji wa filamu. Nchini Tanzania, Lufufu alijipatia umaarufu kwa kuingiza sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni, na baada yake wakaja wengine kama DJ Mark. Kenya ina DJ Afro, na Uganda, inayopakana na Kyerwa, ina VJ Jingo na wenzake wanaosimulia kwa Kiganda. Wasimuliaji hawa hawatafsiri neno kwa neno. Hueleza nani ni nani, huongeza utani, hutaja methali, na mara nyingine huamua mhusika alikuwa na maana gani.

Kazi hiyo ina lawama zake. Nyingi ya filamu za kutafsiriwa ziliuzwa bila idhini ya wenye haki, jambo linalokwenda kinyume na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Lakini upande wa maana, msimuliaji mzuri alifanya kazi iliyofanywa zamani na mzee wa jioni: alisimamisha hadithi mahali panapohitaji kuelezwa. Msimuliaji mvivu, kinyume chake, alipiga kelele wakati wa mapigano na kunyamaza wakati wa mawaidha.

Swali la umri

Filamu hii ilizua mjadala wa umri hata huko ilikotoka. Marekani iliipa daraja la kuwatahadharisha wazazi wenye watoto walio chini ya miaka 13. Uingereza iliipa daraja la 12, maana yake mtoto wa chini ya umri huo hakuruhusiwa kuingia ukumbini kabisa. Wazazi walilalamika, kwani watoto wao walikuwa wamekwisha nunuliwa midoli ya shujaa huyo. Baadhi ya halmashauri zilitumia mamlaka yake kuwaruhusu. Agosti 2002 daraja jipya, ambalo lilikuwa likifikiriwa tangu awali, likaanza kutumika katika majumba ya sinema: mtoto wa chini ya miaka 12 anaweza kuingia, mradi aambatane na mtu mzima.

Tanzania nayo ina utaratibu wake. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976 ndiyo iliyoweka msingi wa ukaguzi wa filamu na utoaji wa leseni kwa sehemu za kuonyeshea, na Bodi ya Filamu hupanga filamu katika madaraja ya umri. Sheria, hata hivyo, hukoma mlangoni. Haiwezi kuketi kwenye benchi pamoja na mtoto na kumweleza kwamba binadamu akirukia ukuta huanguka, au kwamba Parker analia kwa sababu alimpisha mwizi.

Masharti yale ya kuambatana na mtu mzima yana busara kuliko yanavyoonekana. Hayasemi kwamba filamu ni mbaya. Yanasema kwamba hadithi ya nguvu haifai kusikilizwa na mtoto peke yake. Wanyambo waliosimuliana habari za watawala wao jioni baada ya kazi wasingelishangazwa na kanuni hiyo.

Kinyago kinachopokezanwa

Tangu mwaka 2002 waigizaji wengine wamevaa kinyago hicho, Andrew Garfield mwaka 2012 na Tom Holland katika filamu zake mwenyewe kuanzia mwaka 2017. Mabadiliko makubwa zaidi yalitokea katika katuni mwaka 2011, alipoanzishwa Miles Morales, kijana ambaye baba yake ni Mmarekani mweusi na mama yake ana asili ya Puerto Rico. Filamu yake ya uhuishaji ya mwaka 2018, Spider-Man: Into the Spider-Verse, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2019. Katika filamu iliyofuata, ya mwaka 2023, mmoja wa mashujaa wenye kinyago hicho alisemewa na Daniel Kaluuya, mwigizaji aliyezaliwa London kwa wazazi kutoka Uganda. Kwa mtu wa Murongo, nchi ya wazazi wake iko ng'ambo ya mto.

Kinyago kinachofunika uso wote kina faida hiyo: hakionyeshi rangi ya aliye ndani. Mtoto wa Kyerwa anaweza kujiona humo kwa urahisi sawa na wa Queens.

Linalobaki ni kwa wachoraji na watunzi wa nyumbani. Tanzania haijakosa vipaji vya katuni. Jarida la Sani liliwapa wasomaji akina Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe na Madenge, wahusika waliochekesha na kuonya kwa wakati mmoja. Ngoma ndogo inayokataa kuinuliwa na asiyestahili, na ardhi inayopanda hadi mawinguni ikiwa na mtu juu yake, ni picha ambazo mchoraji yeyote wa katuni angezitamani. Zipo katika simulizi za Karagwe, hazihitaji kununuliwa haki zake kwa kampuni yoyote.

Hadi zitakapochorwa, watoto wataendelea kumtazama kijana mwenye nguo nyekundu na bluu, na hakuna ubaya katika hilo. Mzazi au kaka anayeketi nao anaweza kuanza na swali jepesi, pale jambazi anapokimbia na Parker anapompisha: je, wewe ungefanya nini?